Desibeli Tatu za Silanga

Vijana wa ofisini waliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimestaafu juzi tu na sijasahau kitu, ila nawaelewa: wanataka kitu cha kusoma wanapokwama, wasinisumbue kwa simu nikiwa shambani Vihiga. Haya basi. Vyeo nitaviruka, maana vyangu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja na meza ndogo kuliko ya mwanzo. Mshahara nao ni kati yangu na Mungu.

Nilianza na nyaya za shaba. Faiba, zile nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga, ilipoanza kuingia mitaani nilipelekwa Gatina, kule Kawangware, nikawekwa chini ya Mzee Okumu, fundi aliyekuwa ameunga nyaya tangu kabla sijaolewa. Nilifika na viatu vipya na begi la kiunoni nililonunua Soko la Toi, nikidhani nitapanda nguzo. Mzee Okumu alinitazama viatu, akanipa kitambaa cheupe na kichupa cha spiriti, akaniambia nifute ncha za konekta, vile vichwa vya kuunganishia nyuzi. Nilifuta mpaka jioni. Kila nikimaliza anaweka jicho kwenye darubini ndogo, anaguna, ananirudishia. Mwisho akaniita nitazame mwenyewe. Katikati ya uzi kulikuwa na chembe moja ya vumbi, nyeusi, imekaa starehe.

"Hiyo peke yake ni desibeli nzima," akasema. "Hapo umempunja mtu na bado hajakukosea."

Kwa asiyeijua kazi yetu, mwanga unatoka kituoni na nguvu zake, na kila kitu njiani kinaupunguza. Umbali unapunguza, kila kiungo kinapunguza, kila konekta pia, na kinachopunguza kuliko vyote ni splita, kile kidude kinachogawa uzi mmoja uende kwa wateja wengi. Upungufu huo tunaupima kwa desibeli. Mashine zetu ziliruhusu tupoteze ishirini na nane, basi. Ukipita hapo, taa ya mteja inageuka nyekundu na simu yako inaanza kulia. Hesabu hiyo tunaiita bajeti ya mwanga. Mume wangu aliposikia kwamba nashughulika na bajeti, aliwaambia watu kanisani kwamba nimeenda Wizara ya Fedha, na nikamwacha aendelee.

Gatina ilinifundisha mengi kwa kunichekesha. Mashine ya kuungia nyuzi inataka meza isiyotikisika, na barabarani hakuna meza. Mama mmoja wa chapati alikubali kutuazima yake baada ya watu wa asubuhi kuondoka. Nikaweka mashine, nikaunga, ikakataa. Nikarudia mara tatu, ikakataa mara tatu. Kumbe unga wa ngano ulikuwa umejaa kwenye vijia vile vidogo vya kulazia uzi. Mzee Okumu alishinda mchana mzima akiisafisha kwa brashi ya meno, nami nikala chapati kwa aibu. Ilikuwa chapati nzuri, siwezi kudanganya.

Kisha kulikuwa na suala la majina. Kila boksi la kugawia wateja linahitaji jina, na mafundi wa Nairobi wana njia moja tu ya kutaja mahali: kwa fulani. Kwa Mama Njeri, kwa kinyozi, kwa landilodi mrefu. Hivyo ndivyo tulivyoandika kwenye daftari, na daftari hilo ndilo lililoingizwa kwenye kompyuta ya ofisi. Siku moja nikatumwa kwenye boksi la "Kwa Pasta" kurekebisha laini iliyokufa. Nikafika, nikafungua, nikafuta, nikaunga upya, mteja bado analalamika. Siku ya pili vivyo hivyo. Gatina, jamani, ina wachungaji wengi kuliko nguzo. Tulikuwa na maboksi matatu ya "Kwa Pasta" na mimi nilikuwa nimetengeneza mawili yasiyo na ubaya wowote. Mchungaji wa tatu alinikaribisha chai, akaniombea macho yafunguke. Yalifunguka, kwani pale pale juu ya lango lake ndipo tatizo lilipokuwa.

Mzee Okumu alipokaribia kustaafu alinipeleka chini ya nguzo moja, akanionyesha waya uliokuwa umekatwa na watu wanaopandisha mabati. Waya wa faiba ukikatika hauvutiki ukafika tena, lazima utie kipande katikati, na kipande kina viungo viwili. Ukikatwa mara nne una viungo vinane. Akaniambia, "Khasoa, hesabu ya ofisi ni ya waya mpya. Nenda ukaulize huu waya una umri gani." Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu, na kwa miaka mingi sikujua nitayafanyia nini.

Nilijua nilipohamishiwa mezani. Kampuni ilikuwa inaandika viwango vipya vya mtandao wa majumbani, kitabu ambacho kila fundi na kila kontrakta angekifuata Kibera na Kawangware kote. Mimi nilipewa sehemu mbili zisizotakiwa na mtu: bajeti ya mwanga na majina ya maboksi. Mkuu wetu alikuwa Injinia Macharia, mtu mstaarabu, mpenda ramani, ambaye hajawahi kunipandishia sauti hata siku nilipostahili. Yeye alitaka laini moja igawiwe wateja sitini na wanne. Mimi nilitaka thelathini na wawili, na sheria moja juu yake: laini yoyote isipitishwe kama haijabakiwa na desibeli tatu za akiba kwa ajili ya matengenezo ya baadaye. Kwa sitini na nne akiba hiyo haipatikani, hata ukifuta konekta mpaka spiriti iishe. Inabaki kama moja na nusu.

Nisimwonee. Macharia alikuwa na sababu nzuri. Alisema watu wa Kibera wanasubiri foleni ndefu, na kila laini tunayoigawa mara mbili inawapunguza. Alisema pia majina ya mtaani wateja wanayapenda na mafundi wanayakumbuka, mbona niwaletee herufi na nambari nilizopendekeza, kila boksi na zake, zisizo na ladha. Tulibishana hivyo miezi, kwa heshima, na rasimu ikakaa bila sahihi. Wakati huohuo, ili kupunguza foleni, makontrakta wakaanza kuongeza splita kwenye maboksi yaliyoonekana kuwa na nafasi.

Hapo ndipo anapoingia Atieno. Huyu alikuwa kiongozi wa kikundi cha mafundi cherehani watano, wote wanawake, huko Silanga, Kibera, karibu na bwawa, chumba kimoja cha mabati chenye madirisha makubwa. Wote watano ni viziwi. Nilikuwa nimewaunganisha mwenyewe, kwa hiyo tulijuana. Mtu anayesikia mtandao ukimpotea atapiga simu ya kawaida. Wao biashara yao yote ilikuwa kwenye video, kwa lugha ya ishara, na picha ikiganda, mkono unabaki hewani na neno haliishi. Walikuwa wamepata nafasi ya kushonea sare shule moja ya viziwi ya mbali, na metroni wa shule hiyo, mlezi wa wanafunzi bwenini, kiziwi pia, alitaka kuona sampuli na kuelewana nao uso kwa uso siku ya Alhamisi saa nne asubuhi. Wasipopatikana saa hiyo angempa kazi fundi mwingine aliyekuwa karibu naye. Kazi ile ilikuwa ya mwaka mzima, na wawili kati yao walikuwa wameshaanza kufikiria kurudi mashambani.

Jumatano mchana Atieno alinitumia picha ya ruta yao. Taa nyekundu.

Nilifika Silanga nikapima kwenye ukuta wao. Siku nilipowaunganisha mita ilisoma hasi ishirini; hasi ikizidi kukua, mwanga umezidi kufifia. Waya wao ulikuwa umekatwa mara nne tangu hapo, na mikokoteni, na mabati, na mtu mmoja aliyedhani ni kamba ya kuanikia, ukateremka mpaka hasi ishirini na nne, lakini ukafanya kazi. Sasa mita ilisoma karibu hasi ishirini na nane. Picha inakuja sekunde kumi, inaganda, inapotea. Nikapanda kwenye boksi lao, nikafungua, nikakuta splita mpya inang'aa, imewekwa wiki hiyo hiyo. Splita ya njia mbili inakula tatu na nusu. Majirani wenye nyaya zisizokatwa hawakuhisi chochote. Waliokuwa na akiba walibaki, walioishiwa akiba wakazimika.

Kontrakta wa sehemu ile alikuwa Kevo, kijana mwenye familia na mwenye bidii, si mtu wa kubabaisha. Nikamwita, akaja na karatasi ya kazi mkononi.

"Niaje, Madam."

Nikamwuliza nani alimwambia aweke splita hapa.

"Si hapa ni Kinyozi? Karatasi inasema boksi ya Kinyozi. Nimekuja kwa kinyozi, kinyozi ako hapo, boksi iko juu yake. Sasa kosa yangu ni gani?"

Nikageuka, na kweli, kibanda cha kinyozi kilikuwa chini ya nguzo, kioo, redio, kibao na kila kitu. Tukamwuliza mwenyewe. Alisema, akiendelea kunyoa, kwamba alikuwa nguzo mbili chini kule, lakini mvua ilipoingia ndani akahamisha kibanda, na pale pa zamani sasa mama mmoja anauza makaa. Kwa hiyo boksi linaloitwa Kinyozi lilikuwa juu ya makaa, na juu ya kinyozi kulikuwa na boksi lenye jina lingine kabisa. Kevo hakuwa amekosea. Alisoma jina tulilompa akaenda lilikomwelekeza.

Sasa nitasema jambo ambalo sijivunii. Nilisimama pale nikafurahi. Miezi nabishana na Macharia juu ya akiba na juu ya majina, na hapa nimepata boksi moja lenye makosa yote mawili. Nikampigia simu, akaahidi kuja asubuhi. Nikaamua kuiacha ile splita mahali pake mpaka aje aione kwa macho yake, aone picha inavyoganda, kisha niitoe kabla ya saa nne. Nikaingia kwa Atieno, nikamwandikia kwenye simu: tatizo nimeliona, ni la kazi ya dakika ishirini, nitalitoa kesho asubuhi bosi wangu akishaliona.

Atieno alisoma. Akawaonyesha wenzake, mmoja mmoja. Kisha akaandika, taratibu, akanigeuzia simu.

"Wewe unashindana na bosi wako. Sisi tunashona."

Niliona aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Watu watano wangelala na wasiwasi ili mimi nishinde mabishano ya ofisini. Nilitoka nikamwita Kevo, tukapanda, tukatoa splita, nikafuta kila ncha kama Mzee Okumu amesimama nyuma yangu, tukafunga. Wateja wawili wapya wa Kevo tukawahamishia boksi la Kinyozi halisi, lile la juu ya makaa, ambalo lilikuwa limejaa vumbi jeusi mpaka nikapiga chafya. Mita kwa Atieno ikasoma hasi ishirini na nne, taa ikarudi kijani. Yeye akacheka, akanipigapiga bega, na mimi nikarudi nyumbani bila ushahidi wowote.

Asubuhi Macharia alikuja na viatu vya ofisi na rasimu ndani ya faili. Hakukuta kilichoharibika. Nikamwambia ukweli, kwamba nimekitoa jana. Akaniangalia, akasema hiyo ilikuwa sawa, lakini sasa nimwonyeshe nini? Nikampa karatasi ya Kevo nikamwomba anipeleke kwenye boksi la Kinyozi.

Akafungua ramani kwenye simu yake. Alama ya mahali, kati ya mabati yale, ilikuwa inarukaruka huku na huku. Akatazama juu, akaona kibao cha kinyozi, uso ukang'aa. Akatembea moja kwa moja mpaka chini ya nguzo, akaelekeza kidole.

"Hili hapa," akasema.

Kevo alikohoa akaangalia bwawa. Mimi sikucheka, naomba hilo liandikwe mahali. Kinyozi ndiye aliyemweleza, kwa upole, kwamba yeye anahama na jina lake. Macharia alisimama kidogo na kidole bado juu. Kisha akacheka mwenyewe, akacheka mpaka akavua miwani. Lakini alipomaliza alisema jina ni jambo la kamati, atalipeleka huko, na kamati tunaijua.

Ilikuwa inakaribia saa nne, tukaingia kwa Atieno, tukasimama ukutani. Metroni alitokea kwenye skrini, mwanamke mnene mwenye sweta ya kijani. Sijui ishara, lakini niliona mazungumzo. Atieno aliinua shati, akageuza kola, akaonyesha mshono wa ndani. Metroni akauliza kitu, mikono mitatu ikajibu pamoja, wakacheka. Chumba kilikuwa kimya kabisa na kimejaa maneno. Nikamwona Macharia ametoa kalamu, anapiga hesabu kwenye kiganja cha mkono: ishirini na nne, ongeza tatu na nusu; kufika ishirini na nane imebaki nusu tu. Akaangalia skrini, akaangalia kiganja. Akaninong'oneza sikioni kana kwamba wangesikia.

"Andika tatu za akiba."

Nikaomba arudie, kwa raha zangu tu. Akarudia.

Mwisho wa mazungumzo metroni aliinua vidole gumba viwili, na hilo hata sisi tulilielewa. Wale wanawake walikumbatiana, mmoja akalia, cherehani moja ikaanza kuzunguka hapohapo kwa sababu furaha yake ilikuwa haijui pa kwenda. Tukaletewa chai na mandazi. Macharia alikunywa vikombe viwili.

Tulipokuwa tunaaga, Atieno alinishika mkono. Aliandika kwamba wameamua kunipa jina. Kwao kila mtu wanayemjua vizuri hupewa jina la ishara, maana jina la mdomoni haliwasaidii kitu, na mtu hajipi mwenyewe, hupewa. Walikuwa wamelijadili jana jioni baada ya taa kurudi. Akapitisha vidole viwili nyuma ya sikio lake la kushoto, kama anayechomeka kalamu. Wote wanne wakarudia. Niligusa sikio langu, na kweli kalamu ilikuwa pale, ingawa upande wa kulia, ninakoiweka siku zote.

Nikamwandikia, kwa utani, kwamba wamekosea sikio.

Akatikisa kichwa. Aliandika kwamba la kulia lina mwenyewe, seremala kiziwi wa mtaa wa Laini Saba, aliyelipata zamani kwa sababu ya penseli yake. Walimtumia video jana kuuliza kama analitumia bado, akasema analitumia. Basi langu likawa la kushoto.

Nikauliza kama ni lazima majina yetu yatofautiane, maana mimi na huyo seremala hatujawahi kukutana na pengine hatutakutana.

Atieno alinitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto. "Watu wawili jina moja? Sasa tukikuita, nani atakuja?"

Nilimpa Macharia ile simu. Akasoma, akapanda kwa macho akasoma tena tangu juu, habari ya seremala na yote. Akaweka kikombe chini, akafungua faili juu ya meza ya kukatia vitambaa, akageuza mpaka ukurasa wa majina ya maboksi, ule usio na ladha. Akajipapasa mifukoni. Kalamu yake alikuwa ameisahau kule karibu na skrini.

Nikahamisha yangu kutoka sikio la kulia hadi la kushoto, Atieno aone, kisha nikaitoa nikampa Injinia atie sahihi.